Kraudi ya shaveli kubwa za umeme: meno, kamba au mafuta? Tulinganishe kwa hoja

FundiBenchi

Wakuu, habari zenu. Kwenye uzi wa malori ya mgodini mjadala ulihamia kwenye shaveli, na mchangiaji mmoja akasema kraudi ya haidroliki (ya mafuta) imeshafunga kesi, meno na kamba ni mambo ya enzi za mababu. Mimi ni fundi mitambo, nimezihudumia hizi mashine kwenye mgodi wa shaba wa wazi nje ya nchi, na kauli ile sikubaliani nayo kabisa. Naleta uzi tulizungumze kwa nafasi.

Kwa ambao hawajaziona: shaveli ya kamba ya umeme siyo ekskaveta tuliyozoea. Ina mlingoti mrefu wa chuma ulioinama mbele, mkono unaopita katikati au pembeni mwa mlingoti huo, na ndoo mwisho wa mkono. Waya nene zinatoka ndani ya mashine, zinapanda hadi kwenye kapi za ncha ya mlingoti, zinashuka kushika ndoo. Hizo ndizo kamba za kuinulia, na ndizo zinazoipa jina la shaveli ya kamba hata kama kraudi yake si ya kamba. Kazi ya kusukuma mkono mbele ili ndoo iingie kwenye mwamba, na kuuvuta nyuma, ndiyo tunaiita kraudi.

Kinachochimba hasa ni kuinua. Ndoo inaanza chini kwenye kisigino cha benchi (pale ukuta wa mwamba unaochimbwa unapokutana na sakafu), waya zinaivuta juu, na kraudi inaamua meno ya ndoo yazame kiasi gani njiani. Opereta akisukuma kidogo mno, ndoo inaparua ukuta na kufika juu nusu tupu. Akisukuma kupita kiasi, mota ya kuinua inakwama. Na kuna hali mbaya kuliko kukwama: mkono unakutana na jiwe lisilosogea, nguvu ya kraudi inarudi nyuma na kuunyanyua mlingoti wenyewe, nyaya zinazoushikilia zinalegea, halafu jiwe linaachia na mlingoti unarudi kwa kishindo. Aliyewahi kuwa juu ya sitaha ya mashine wakati hilo linatokea hahitaji kuelezwa kwa nini kraudi ni jambo zito.

Mashine nitakazozitumia kama mfano ni mbili. Ya kwanza ni P&H 4100XPC, ambayo sasa ni ya Komatsu tangu walipoinunua Joy Global, iliyokuwa mmiliki wa P&H, mwaka 2017. Ya pili ni Caterpillar 7495, ambayo kwa asili ni Bucyrus 495. Caterpillar waliinunua Bucyrus mwaka 2011. Kila moja inabeba karibu tani 109 kwa ndoo moja na ina uzito wa zaidi ya tani 1,300. Kazi ni ileile, ukubwa ni uleule, na zote zimezaliwa Wisconsin, Marekani: moja Milwaukee, nyingine South Milwaukee. Ila kwenye kraudi kila kampuni imeshika njia yake kwa miongo mingi, na hilo peke yake lingetosha kutuonyesha kwamba hakuna jibu moja.

Naanza na meno.

FundiBenchi

MENO (reki na pinioni), njia ya P&H.

Mkono una miguu miwili ya chuma, mmoja kila upande wa mlingoti. Chini ya kila mguu kuna reki, yaani mstari wa meno. Shafti nene imepita kwenye mlingoti ikiwa na pinioni (gia ndogo) kila upande, na pinioni zikizunguka mkono unakwenda mbele au nyuma. Fundi wa magari anaijua kanuni hii kwenye reki ya stelingi, tofauti ni kwamba hapa jino moja ni kubwa kuliko ngumi yako. Juu ya kila mguu kuna kifuniko kizito kinachoukandamiza mkono usiachane na pinioni, na ndani yake kuna sahani za kulika ambazo unazibadilisha zikiisha.

Mota ya kraudi na giaboksi yake vimekaa juu ya mlingoti. Kati ya mota na giaboksi kuna mkanda mpana, na mkanda huo una kazi zaidi ya kupeleka nguvu. Ndoo ikigonga jiwe ghafla, mkanda unanyonya sehemu ya kishindo, na ikibidi unateleza badala ya jino kukatika. Ni ulinzi rahisi, unaoonekana kwa macho, na unabadilishwa bila kuvua mkono.

Faida yake kubwa ni ugumu wa muunganiko. Mota ikisukuma, meno ya ndoo yanajua saa hiyohiyo. Hakuna kamba inayonyooka kwanza, hakuna mafuta yanayobanwa kwanza. Kwenye kisigino kigumu ambacho baruti haikukivunja vizuri, opereta anakisikia kile anachokigusa. Pili, meno yanalika taratibu. Unapima leo, unapima baada ya miezi, unaona mwelekeo, unapanga.

Hasara zake ni mbili na ni za kweli. Kwanza ni uzito wa mota na giaboksi kule juu ya mlingoti, nitaurudia. Pili ni kujikunja. Mkono wa miguu miwili umeshikwa pande zote mbili, haugeuki. Ndoo ikichimba kwa kona moja, ule msokoto unapita kwenye mkono, unaingia kwenye shafti, unaishia kwenye mlingoti. Mlingoti wa mashine ya namna hii lazima uwe sanduku imara la kubeba msokoto, na nyufa za kuchomelea huwa zinaanzia pale msokoto unapopita.

KijanaVETA

Shkamoo mkuu. Nimeelewa hadi hapo. Swali: kwa nini mota isishushwe tu chini ikae kwenye mashine?

FundiBenchi

Marahaba kijana. Umenipeleka moja kwa moja kwenye kamba.

KAMBA, njia ya Bucyrus.

Bucyrus walifanya hichohicho unachouliza. Mota na ngoma ya kraudi vimekaa kwenye sitaha ya mashine. Kamba mbili za waya zinatoka kwenye ngoma: moja inakwenda kuzunguka kapi mwisho wa nyuma wa mkono, ikivutwa mkono unasogea mbele, nyingine inashika sehemu ya mbele ya mkono, ikivutwa mkono unarudi. Ngoma ikizungushwa upande mmoja, kamba moja inajikunja na nyingine inaachiwa.

Na mkono wenyewe si miguu miwili. Ni bomba moja kubwa la duara linalopita katikati ya mlingoti. Kwa kuwa ni duara, linaweza kugeuka kwenye kifuko chake. Ndoo ikibeba kona moja, bomba linajizungusha kidogo na msokoto hauufikii mlingoti. Huo ni uhandisi wa kupendeza na nausifu bila kusita. Kwenye meno tunajenga chuma kizito ili kibebe msokoto. Hapa wameuondolea njia ya kupita.

Ila kamba ni kitu cha kuisha. Maisha yake yanahesabiwa kwa miezi, na kwenye mwamba mbaya ni chini ya hapo, wakati reki inahesabiwa kwa miaka. Kamba mpya inanyooka, kwa hiyo inakazwa tena na tena. Ikiachwa ilegee, kila mara opereta anapogeuza kutoka kurudisha kwenda kusukuma kuna mshtuko, na mshtuko huo unakwenda kuiua kamba yenyewe. Kapi nazo zinachimbika mfereji, na kapi iliyochimbika inaikata kamba mpya mapema. Ukaguzi wa kamba unataka mtu mwenye subira: unahesabu nyuzi zilizokatika kwa kila msokoto wa kamba, unapima unene, unatafuta sehemu iliyojibana. Sehemu ya ndani ya kamba huioni.

Kubadilisha ni kazi ya kusimamisha mashine. Ndoo inalazwa chini, mkono unawekwa mahali pake, kamba ya zamani inatumika kuivuta mpya, watu wako juu ya mlingoti na wengine chini wakiwasiliana kwa redio. Ikipangwa mchana ni kazi ya kawaida. Ikikatika usiku katikati ya zamu, mashine ya tani 109 kwa ndoo imesimama, malori yanapanga foleni, na hiyo ndiyo simu ambayo hakuna fundi anaipenda.

MwanaHesabu

Mkuu, umesema uzito juu ya mlingoti utaurudia. Tupe hesabu basi. Tani chache kwenye mashine ya tani 1,300 zinaleta tofauti gani?

FundiBenchi

Mkuu swali zuri. Kwa mashine iliyosimama hazileti tofauti kubwa. Kwa mashine inayozunguka zinaleta.

Ugumu wa kuzungusha kitu unakwenda kwa uzito mara umbali mara umbali tena. Chukua tani moja iliyo mita 2 kutoka katikati ya mzunguko: 1 × 2 × 2 = 4. Peleka tani hiyohiyo mita 10 mbele kwenye mlingoti: 1 × 10 × 10 = 100. Tani ileile, ugumu mara 25. Sasa kumbuka shaveli inafanya mzunguko mzima, kuchimba, kugeuka, kumwaga na kurudi, kwa karibu nusu dakika, na sehemu kubwa ya muda huo ni kugeuka kwenda na kugeuka kurudi. Kila mara mota za kuzungusha lazima ziuanzishe uzito ule na kuusimamisha.

Hivyo kila kilo unayoitoa juu ya mlingoti inalipa. Ndiyo maana watu wa kamba hawaachi kuizungumzia hoja hii, na wana haki. Ila usisahau kitu kingine kilichoko mbali zaidi: ndoo yenyewe pamoja na mzigo. Tani 109 za mwamba pamoja na chuma cha ndoo, vikiwa mbali kuliko giaboksi, ndivyo vinavyotawala hesabu. Giaboksi ya kraudi ni sehemu, haifanyi yote.

Mhitimu wa Urali

Vijana wangu, mmenikumbusha mbali. Mimi nilisomea uchimbaji Sverdlovsk, mji ambao sasa unaitwa Yekaterinburg, na kiwanda cha Uralmash kilikuwa palepale. Niongeze kitu ambacho kwenye maandiko ya Kimarekani hamtakikuta.

Warusi nao waligawanyika vilevile. EKG-5A ya Uralmash, ndoo ya mita za ujazo 5, ina mkono wa mihimili miwili na reki na pinioni. EKG-8I iliyotoka kiwanda cha Izhora karibu na Leningrad ina mkono wa duara na kraudi ya kamba. Nchi moja, mfumo mmoja wa uchumi, wizara za serikali zinapanga kila kitu, hakuna ushindani wa soko wa kuwasukuma, na bado wahandisi wa viwanda viwili wakafikia majibu mawili yaleyale yaliyofikiwa Wisconsin.

Profesa wetu alikuwa akitusisitizia tuanze na swali la karakana: fundi wa mgodi huo ana nini mkononi? Kwenye machimbo ya mbali kaskazini ambako kamba mpya inasafiri wiki nzima, alipenda meno. Ambako kuna stoo nzuri na mwamba unaosokota ndoo, alipenda kamba. EKG-5A niliyoifanyia mazoezi ilikuwa mashine mbovu kwa sura, rangi imekwisha, lakini reki zake zilikuwa zimefanya kazi kuliko umri wa baadhi yetu darasani.

FundiBenchi

Mzee shikamoo, na asante sana. Hiyo ya Uralmash na Izhora ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta na sikuwa na mfano mzuri kama huo. Viwanda visivyonakiliana vikifika kwenye njia panda moja, basi njia panda hiyo ipo kweli kwenye fizikia na karakana. Siyo mapenzi ya kampuni.

Na nyongeza ya historia, kwa ufupi. Meno ni ya zamani sana. Shaveli za mvuke za Bucyrus za tani 95 zilizochimba Mfereji wa Panama zilikuwa na injini ndogo ya mvuke juu ya mlingoti, inazungusha pinioni kwenye reki ya mkono. Opereta hakuwa peke yake: kulikuwa na mtu wa pili amesimama kwenye jukwaa ubavuni mwa mlingoti, kazi yake ni kraudi na kufungua mlango wa ndoo. Anazunguka na mashine mchana kutwa, kwenye moshi na jua la Panama, uso wake ukiwa mita chache kutoka kwenye mwamba. Leo kazi ya mtu yule iko kwenye kidole gumba cha opereta aliyekaa kwenye kiyoyozi.

Mkenya wa Alberta

Nimefuata uzi huu tangu mwanzo, hongera. Mimi niko Fort McMurray, Kanada, kwenye mchanga wa lami. Huku tunazo zote, P&H na 495HF, na naomba nitetee haidroliki kidogo kwa sababu bado hamjaifikia.

FundiBenchi anazungumza mwamba wa shaba. Mchanga wa lami ni kitu kingine. Hauhitaji baruti, sakafu ni laini kiasi kwamba mashine imewekewa minyororo mipana zaidi isizame (ndiyo hiyo HF), na wakati wa joto lami inanata kwenye ndoo. Sakafu ikiinama upande mmoja, mashine nzima inainama, na ndoo inachimba kwa kona muda wote. Hapo bomba la duara linalogeuka ni faida ya kila siku. Halafu wakati wa baridi kali, nyuzi 40 chini ya sifuri, ardhi ya juu inaganda inakuwa kama mwamba, na chuma kinapoteza ustahimilivu. Ufa mdogo kwenye mlingoti unakimbia. Kila msokoto unaouondoa kwenye mlingoti wakati huo ni akiba.

Sasa haidroliki inachukua bomba lilelile, inatoa kamba, inaweka silinda ndani. Unabaki na faida ya kugeuka, na unaondokana na kukwea mlingoti kubadilisha kamba kwenye baridi hiyo. Waliowahi kushika waya wenye barafu kwa glavu tatu wanajua ninachosema.

FundiBenchi

Mkuu wa Alberta karibu, na hoja zako zina uzito. Tuingie kwenye MAFUTA basi.

Bucyrus ndio walioileta kraudi hii kwenye 495, na Caterpillar wakaiendeleza kwenye 7495 kwa jina la HydraCrowd. Wazo ni kama ulivyolieleza: mkono wa bomba unabaki, ndani yake kuna silinda ndefu. Mafuta yakiingia upande mmoja mkono unatoka, yakiingia upande mwingine unarudi. Hakuna kamba ya kusukuma, hakuna kamba ya kurudisha. Na kuna faida ambayo watu hawaitaji sana: vali ya kupunguza shinikizo. Ndoo ikigonga jiwe, shinikizo likipita kiwango vali inafunguka na kishindo kinaishia kwenye mafuta. Inafanya kazi ya ule mkanda wa P&H, kwa usahihi zaidi.

Kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana imechukua mazuri ya pande zote. Ninachokipinga ni mtu kusema kesi imefungwa. Angalieni kilichoingia mlangoni pamoja nayo: pampu, hozi za shinikizo kubwa, vichujio, kipoza mafuta, tangi, na sili za silinda. Shaveli ya umeme ilikuwa na fahari moja, kwamba karibu kila kitu juu yake ni mota, giaboksi, waya na chuma. Karakana nzima ya mgodi imejengwa kwa mafundi wa umeme, wachomeleaji na watu wa giaboksi. Leo unaleta mfumo unaotaka usafi wa hospitali kwenye mashine inayokula vumbi saa 24.

Sili ya silinda ikichoka haitoi onyo kama jino. Silinda iko ndani ya bomba, huioni. Unaanza kuona mkono unateleza taratibu ndoo ikiwa imeshikiliwa hewani, au mafuta yanapata joto bila sababu. Mgodi wenye maabara ya mafuta na mtu anayesoma ripoti yake kila wiki utaliona tatizo mapema. Mgodi ambao sampuli zinakaa kwenye kabati mpaka zisahaulike utaliona siku silinda inapogoma. Na silinda ya ukubwa ule huichomi ukaendelea. Unaitoa nzima, unaweka nyingine, ya zamani inasafirishwa.

MwanaHesabu

Na moto je? Mafuta yenye shinikizo karibu na mota na nyaya za maelfu ya volti.

FundiBenchi

Ni hoja halali, na kuna kumbukumbu nzito. Mwaka 1965 Marion, kampuni nyingine ya shaveli ya Marekani, walikamilisha shaveli yao modeli 6360, iliyopewa jina The Captain, kwa ajili ya mgodi wa makaa ya mawe Illinois. Ndoo yake ilikuwa yadi za ujazo 180, karibu mita za ujazo 138. Fikiria chumba cha darasa kinabebwa kwa mpigo mmoja. Mwaka 1991 iliungua, moto ukaanzia sehemu za chini, na haidroliki ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo. Hasara ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikutengenezwa tena, ilikatwa ikawa chuma chakavu. Mafuta hayo hayakuwa ya kraudi, nisieleweke vibaya. Ila somo la kutenganisha hozi za shinikizo na umeme mkubwa ni lilelile. Mashine za leo zina mifumo ya kuzima moto na vizuizi, lakini hozi iliyochubuka bado ni hozi iliyochubuka, na ukaguzi wake lazima uwe kwenye orodha ya kila zamu.

Kwa kuwa nimeitaja Marion, kraudi yao ilikuwa njia ya tatu kabisa na inanisikitisha kwamba imepotea kwenye mazungumzo. Kwenye zile shaveli zao kubwa za kuondolea udongo juu ya makaa, kama The Mountaineer ya mwaka 1956 kule Ohio, mkono wa ndoo haukuegemea mlingoti hata kidogo. Uliungwa kwenye goti: kiungo kilichobebwa na mguu wa chuma uliosimama juu ya fremu, na msukumo ulitoka nyuma, kwenye mnara wa mashine, ukalisukuma goti mbele. Mlingoti ukabaki na kazi moja tu ya kushika kapi za kuinulia. Msokoto wote wa ndoo ulikwenda kwenye goti na fremu. Kwa mashine za ukubwa ule hakukuwa na namna nyepesi ya kujenga mlingoti unaostahimili yote mawili. Bucyrus waliinunua Marion mwaka 1997, na zama za shaveli kubwa kiasi hicho zilikuwa zimeshapita. Wazo lenyewe bado nalihesabu kuwa safi kuliko yote tuliyoyajadili hapa.

KijanaVETA

Mkuu, mbona Geita na North Mara sijawahi kusikia hizi shaveli za kamba? Na zilizo karibu nasi ziko wapi?

FundiBenchi

Migodi yetu ya dhahabu imetumia ekskaveta za haidroliki, na kwa mazingira yake ni uamuzi wa busara. Shaveli ya kamba inataka benchi pana, ndefu, tani nyingi sana sehemu moja, na umeme wa uhakika wa maelfu ya volti unaoletwa na kebo inayoburuzwa nyuma yake. Inahama kwa mwendo wa taabu. Inanunuliwa ili ifanye kazi miaka 20 na zaidi. Mgodi wenye mashimo kadhaa ya dhahabu, ambapo wiki hii unachagua mawe hapa na wiki ijayo kule, hauifai.

Shaba ni tofauti. Karibu kabisa na sisi ni Zambia, mgodi wa Sentinel kule Kalumbila, mkoa wa Kaskazini-Magharibi, jirani na mpaka wa Kongo. Wanatumia shaveli za kamba za umeme, na malori yanapanda rampu yakivuta umeme wa nyaya za juu. Kijana wa Kitanzania mwenye cheti cha umeme au mitambo anayetaka kuziona kwa macho asiwaze Chile kwanza.

Mkenya wa Alberta

Sasa mkuu usikwepe. Ungepewa wewe uchague kwa mgodi mpya wa shaba ukanda wetu huu, ungechukua ipi?

FundiBenchi

Sikwepi. Ningechukua meno.

Sababu zangu ni tatu na nazitaja kwa mpangilio wa uzito. Ya kwanza: kwenye ukanda wetu kipuri kinachosafiri kinakaa barabarani na mpakani muda mrefu kuliko kinavyokaa kiwandani. Mfumo unaokuonya miezi kabla unanipa muda wa kuagiza. Ya pili: tuna wachomeleaji wazuri sana. Ufa kwenye mlingoti wa sanduku, ambao ni ugonjwa wa meno, ni ugonjwa ambao watu wetu wanaujua na wanautibu vizuri, wakipewa muda wa kupasha moto chuma kabla na kukipoza polepole baada. Silinda ndefu ya haidroliki hatuna wengi wa kuifungua na kuirudisha. Ya tatu ni baruti. Migodi mingi michanga huchukua muda kabla ya ulipuaji wake kutulia, visigino vinabaki vigumu, na pale kraudi ngumu ya moja kwa moja inamsaidia opereta.

Ila mgodi huohuo ukiwa na mkataba mzuri wa huduma, silinda ya akiba stoo, na maabara ya mafuta inayofanya kazi, hoja ya kwanza na ya pili zinayeyuka, na nitakaa chini nikusikilize wewe wa Alberta. Kamba peke yake ndiyo nisingeichagua kwa mashine mpya leo. Faida yake kubwa, bomba linalogeuka, imeshahamia kwenye haidroliki, na waliokuwa nayo tangu zamani waendelee kuitunza vizuri.

Mhitimu wa Urali

Nakuunga mkono kwa sehemu, mwanangu. Naongeza opereta. Nimeona reki zikimalizwa na opereta mmoja mwenye haraka, na mashine pacha ya jirani, mwamba uleule, ikadumu. Mnapopima mitambo mpimeni na anayeikalia. Mota za sasa zina udhibiti wa kielektroniki unaokata nguvu haraka sana, lakini mtu anayepiga ndoo kwenye ukuta kwa kasi anamaliza kazi kabla udhibiti haujashtuka.

FundiBenchi

Kweli kabisa mzee. Mafunzo ya opereta ni nafuu kuliko reki.

KijanaVETA

Wakuu nimejifunza mengi. Swali la mwisho. Siku nikipangiwa kukagua shaveli ya meno, nianze na nini? Naomba vitu vya kushika kwa mkono, siyo vya kitabuni.

FundiBenchi

Kijana, kwanza funga kufuli lako na uthibitishe umeme umekatwa, na ndoo iwe imelazwa chini, mkono hauna mzigo. Hapo ndipo unapanda.

Futa grisi kwenye meno ya katikati ya reki, yale yanayokutana na pinioni wakati ndoo iko kwenye mwamba. Ya mwisho kabisa pande zote mbili huwa mazima siku zote, usidanganyike nayo. Mulika tochi kwa pembeni, siyo moja kwa moja, uangalie mng'ao wa pale jino linapogusana na mwenzake. Mng'ao ukienea upana wote wa jino, mkono umekaa sawa. Ukikuta unang'aa ukingo wa nje tu, na mguu wa pili unang'aa ukingo wa ndani, mkono umejikunja au sahani za kulika zimekwisha upande mmoja.

Kisha shuka kwenye shina la jino. Ufa unaanzia pale, kwenye kona, na grisi inauficha. Osha kwa kiyeyushio, kausha, pulizia rangi ya kuonyesha nyufa, subiri muda wake wote hata kama msimamizi anakuita kwenye redio. Baada ya hapo ingiza kipimo cha nafasi kati ya mkono na sahani za kifuniko, juu na ubavuni. Angalia mkanda wa mota kama una kingo zilizochanika au umeng'aa kwa kuteleza. Mkanda unaoteleza mara nyingi unakuambia jinsi opereta anavyochimba.

Vipimo vya mguu wa kushoto na wa kulia viandike kwenye karatasi moja, kimoja kando ya kingine. Mara nyingi kila kimoja peke yake kitakuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, ila tofauti kati yao itakuwa inakua mwezi hadi mwezi, na hiyo ndiyo utakayompelekea mhandisi wako.